Tumeiwekea pikapu moto mpya, mlima bado ni uleule

Shikamoo Mzee,

Nakuandikia usiku, kwa sababu mchana kaka yangu angeniuliza naandika nini na sijui ningemjibu vipi.

Mimi na kaka tuna pikapu moja ya petroli, silinda nne, yenye kabureta na distributa ya zamani, ile inayogawa moto kwa kila plagi. Tuliinunua nusu kwa nusu miaka saba iliyopita na ndiyo inayotulisha. Tunabeba mchanga, mbao, mabati, siku nyingine vyombo vya watu wanaohama. Dereva ni mimi. Kaka mgongo haumruhusu kukaa kwenye usukani muda mrefu, kwa hiyo yeye anashika hesabu. Ana daftari ambalo kila lita inayoingia na kila safari tunayopiga imo ndani.

Mwaka jana tulianza kuweka akiba kwa ajili ya injini, maana ilikuwa imechoka kidogo. Ikiwa na mzigo, mlima niliozoea kuupanda kwa gia ya tatu ukawa unanirudisha ya pili. Asubuhi ikiwashwa ilitoa moshi wa bluu kidogo, kisha unakwisha. Oili nilikuwa naongeza kidogo kila wiki mbili hivi. Kawaida tu kwa gari la umri huo.

Sasa nina rafiki, kijana fundi wa umeme wa magari. Akaniambia injini haina shida, shida ni moto dhaifu, yaani cheche za kuwashia petroli. Akanionyesha kwa macho yangu: koili yetu ya zamani inatoa cheche nyembamba ya njano, koili mpya ya nguvu inatoa cheche ya bluu, nene, inalia ta! ta! ta! Mzee, ukiiona ile cheche huwezi kubisha. Nilimbembeleza kaka siku tatu tutumie ile akiba. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani huu moto tulio nao hauwashi?" Nikamwambia yeye haelewi mambo ya injini. Akanyamaza, akatoa hela.

Tuliweka koili mpya, moduli ya elektroniki mahali pa zile pointi za ndani ya distributa (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili), waya nene za milimita 8, na plagi za iridiamu. Rafiki yangu alizipanua mwanya hadi milimita 1.3, akasema mwanya mkubwa cheche kubwa. Distributa aliitoa akaisafisha, akairudisha, taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, akaiseti kwa sikio.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha sana. Ukigusa funguo tu, imewaka. Lakini nilipopakia mchanga, mlima ulikuwa uleule na gia ya pili ileile. Tena sasa nikikanyaga mafuta sana na mzigo, inamisi kama mtu mwenye kwikwi. Koili baada ya saa moja huwezi kuishika. Mafuta naona yanakwenda zaidi, ila sijathubutu kumuuliza kaka daftari linasemaje.

Rafiki yangu anasema bado tunahitaji kile kisanduku kinachopiga cheche nyingi mfululizo, ndipo nguvu itakapotoka. Nina nusu ya hela yake. Nusu nyingine ingetoka kwenye fungu la matairi. Vitu vya zamani vyote ninavyo, nimevifunga kwenye mfuko chini ya kiti.

Kaka hasemi kitu. Anaandika tu. Afadhali angenigombeza. Je, ninunue kisanduku nimalize kazi niliyoianza? Nirudishe vya zamani? Nimwambie kaka kwamba nimekosea, au ningoje kwanza nipate dawa ndipo niseme? Na huyu rafiki nimfanyeje, maana alifanya kwa moyo safi na hakunitoza hata kazi yake.

Dereva asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama fundi, nikaguna nilipofika kwenye milimita 1.3. Mara ya pili nikaisoma kama mtu mwenye ndugu, na hapo ndipo nilipoona kwamba umefunga mafundo mawili kwa kamba moja: pikapu haijakupa ulichotarajia, na wewe umeanza kumkwepa mtu mnayekula naye sahani moja. Unataka la kwanza lifunguke ndipo uguse la pili. Sina hakika kama yatakubali kufunguka kwa mpangilio huo.

Niruhusu nianze na swali la kaka yako. Aliuliza kama moto mlio nao hauwashi. Mwanangu, hilo ndilo swali ambalo fundi mzee angeuliza kabla hajashika spana. Kazi ya cheche ni kuwasha. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukishashika moto kwa wakati wake, cheche imemaliza kazi, na nguvu inatoka kwenye kile kilichokuwemo ndani ya silinda. Kiberiti kikubwa hakiongezi kuni. Kama koili ya zamani ilikuwa inawasha kila mara bila kukosa, koili mpya haikuwa na kitu cha kuongeza pale mlimani.

Najua utaniambia, lakini niliiona cheche kwa macho. Uliiona ikiruka kwenye hewa ya wazi. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu zaidi kwa cheche kuivuka. Halafu kuna jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi hayalisemi: koili haitoi volti zake zote kila mara. Volti hupanda mpaka zinapotosha kuruka mwanya wa plagi, basi, zinaishia hapo. Kwa injini kama yako hiyo huwa kati ya kilovolti 10 na 20. Boksi likisema 45, zinazobaki ni akiba. Akiba si kitu kibaya. Inasaidia plagi ikiwa imechakaa, mchanganyiko ukiwa na petroli kidogo, au asubuhi betri ikiwa imechoka. Ndiyo maana sasa inawaka ukigusa funguo tu. Hiyo ni faida ya kweli, usiidharau kwa sababu ya hasira.

Na moduli ina sifa yake. Mfumo wa koili na pointi ulianzia kwa Charles Kettering wa Delco, kampuni ya Marekani ya umeme wa magari, ukatumika kwenye magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910, na ukaendesha dunia kwa miongo mingi. Chrysler walipoweka moto wa elektroniki kwenye magari yao yote ya Marekani mwaka 1973, na General Motors wakafuata mwaka 1975, sababu kubwa ilikuwa kwamba pointi huliwa, na zikiliwa taimingi inahama na moshi unakuwa mchafu. Iridiamu nayo ni hivyohivyo. Inayeyuka kwenye nyuzi 2,446 za Selsiasi, nikeli ya plagi za kawaida kwenye 1,455, kwa hiyo ncha yake inadumu. Mlichonunua kwa sehemu kubwa ni uimara. Mliuziwa kama nguvu, na hapo ndipo masikitiko yalipoingia.

Sasa hiyo kwikwi. Hii ni mpya, haikuwepo, kwa hiyo naiweka mbali na habari ya mlima. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inataka cheche 100 kila sekunde. Koili ina sehemu moja ya mia ya sekunde kujaza na kutoa. Ukikanyaga mafuta na mzigo nyuma, silinda zinajaa zaidi, shinikizo linapanda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi, na ninyi mmeipanulia mwanya juu yake. Injini nyingi za pointi zilipangiwa milimita 0.7 au 0.8, za elektroniki mara nyingi 1.0 au 1.1. Kitabu cha injini yako ndicho cha kusikilizwa, lakini 1.3 ningeitilia shaka kwanza kuliko kitu kingine chochote. Na mwangalie ile ncha ya iridiamu: ni nyembamba kama waya, ikipanuliwa kwa bisibisi inaweza kupasuka, au kaure iliyo pembeni yake ikapata ufa usioonekana haraka.

Kuna la pili kuhusu kwikwi, na hili limewapiga mafundi wengi. Magari mengi ya pointi yana resista kati ya swichi ya funguo na koili, au waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya unaofanya kazi hiyohiyo. Injini ikishawaka inashusha umeme wa koili hadi volti 7, 8 au 9 ili pointi zisiungue. Wakati wa kupiga stata inarukwa, koili inapata umeme wote wa betri. Umeona inakoelekea? Kama moduli yenu imeunganishwa kwenye waya huohuo, itawaka vizuri sana asubuhi kisha ikafa njaa kazini. Unapima kwa mita ya umeme, kwenye upande chanya wa koili, injini ikiwa inazunguka. Namba utakayoiona itakwambia mengi kuliko mimi.

Koili ya moto peke yake hainitishi, hata nzima huchoma kiganja. Ila ipimwe omu zake, yaani inavyouzuia umeme kupita. Koili ya omu 3 kwa volti 12 inavuta ampea 4; ya omu 1.5 inavuta 8. Karatasi ya moduli husema inataka koili isiyopungua omu ngapi, na ile karatasi ndiyo watu hufungia kitu kingine wakaitupa. Mliitunza?

Taimingi kwa sikio. Hapa sitaki kumsema rafiki yako, nami nimefanya hivyo miaka mingi. Lakini digrii chache za kuchelewa zinaiba nguvu mlimani na kunywa petroli, na digrii chache za kuwahi zinafanya injini igonge chini ya mzigo, kitu kinachoweza kutoboa pistoni. Distributa ikishatolewa, inarudishwa kwa taa ya taimingi, mpira wa vakyumu, ule mwembamba unaoleta mvuto wa injini kwenye distributa, ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Ukiwa umeushika huo mpira, uvute kwa mdomo upande wa distributa. Ukiona hewa inapita tu, utando wa ndani umechanika, na hakuna koili itakayouziba. Mwisho, usiku wa giza fungua boneti injini ikiwa inazunguka, utazame tu, mikono na mikono ya shati mbali na feni na waya. Ukiona vimulimuli vinaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma, umepata mvujaji.

Haya yote yanaweza kuondoa kwikwi. Sidhani kama yataondoa mlima, ingawa taimingi ikiwa imechelewa sana nitafurahi kukosea.

Kwa sababu kuna sentensi mbili katika barua yako ulizipitia kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Moshi wa bluu wa asubuhi. Oili kila wiki mbili. Ukaandika "kawaida tu". Vilikuwepo kabla ya koili, pamoja na ile gia ya pili, na ndivyo vilivyowafanya muweke akiba tangu mwanzo. Moshi wa asubuhi unaoisha mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka, oili inadondokea ndani usiku. Nguvu kupungua ni habari nyingine, inaweza kuwa ringi za pistoni, inaweza kuwa valvu hazikai sawasawa. Inaweza pia kuwa kabureta. Au klachi inateleza: injini inalia lakini mwendo haupandi. Niliwahi kubadilisha waya zote za plagi za pikapu moja, na mwenyewe akarudi kesho yake amekasirika. Kilichokuwa kinaishika ni breki ya gurudumu la nyuma isiyoachia. Feleji ilikuwa ya moto kuliko koili yako.

Kipimo kinachotenganisha haya ni kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Injini ikiwa na joto, plagi zote nje, koili imekatwa umeme, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, betri imejaa. Unapata namba nne. Zikikaribiana na zikalingana na kitabu, injini ina pumzi, tutafute kwingine. Mojawapo ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi, mwagia silinda hiyo oili kijiko kimoja upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, elekeza macho kwenye valvu.

Kisanduku je? Sisemi usinunue, hela ni zenu. Nasema ukijue. Vingi vya aina hiyo hupiga cheche mfululizo injini ikiwa taratibu tu, chini ya mizunguko 3,000 hivi. Ikipanda zaidi vinapiga moja kama kawaida. Kwa plagi zinazolowa oili kinaweza kusaidia kweli. Kwa kwikwi yako ya chini ya mzigo, kama chanzo ni mwanya au waya unaonyima umeme, utakuwa umeongeza kiungo kimoja kwenye mnyororo ambao hakuna aliyeukagua. Na fungu la matairi linanipa wasiwasi wa namna yake, maana tairi bovu chini ya mzigo wa mchanga halianzi kwa kwikwi.

Kurudisha vya zamani vyote kwa siku moja nako kuna hasara: kwikwi ikiisha hutajua ni nini kilichoiondoa. Ule mfuko chini ya kiti ni chombo cha kupimia. Badilisha kimoja, uendeshe njia ileile na mzigo uleule, kisha kingine. Inawezekana mwishowe ukabaki na moduli mpya na koili ya zamani, na ikawa ndoa nzuri.

Rafiki yako hakukudanganya. Aliona cheche nzuri akaipenda, nasi sote katika kazi hii tumewahi kupenda kitu kinachong'aa. Unaweza kumwendea na kumwambia kazi imegoma. Unaweza pia kumwomba aje na taa ya taimingi na mita mpime pamoja, aone mwenyewe. Njia ya pili inamwachia nafasi ya kusahihisha kazi yake, ingawa huenda akahisi anashtakiwa hata hivyo, nawe ndiye unayemjua.

Kaka yako sasa. Umeamua kwamba kimya chake ni hukumu. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyeambiwa "huelewi mambo ya injini" akiendelea kusema juu ya injini atakuwa anatafuta ugomvi, kwa hiyo huenda ananyamaza kwa sababu wewe ndiye uliyemnyamazisha. Ukingoja upate dawa ndipo useme, utakuja na habari njema, na hilo lina raha yake. Dawa ikichelewa, au ikawa ni kuifungua injini kwa akiba ambayo haipo tena, utakuwa umengoja bure na yeye atakuwa ameshajua. Ukisema sasa, utasema ukiwa mikono mitupu. Hilo linauma, na sitakudanganya kwamba haliumi.

Ila tazama kitu kimoja. Unasema naona mafuta yanakwenda zaidi, huku katika nyumba hiyohiyo kuna daftari lenye miaka saba ya lita na safari. Tangi moja halithibitishi kitu, upepo na mzigo hubadilika. Mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada, kwa safari zinazofanana, huo ni ushahidi ambao mafundi wengi wangeuonea wivu. Kipimo cha kwanza cha hii kazi hakiko chini ya boneti, kiko mikononi mwa kaka yako, na huwezi kukifikia bila kukaa naye.

Siku ya kupima kompresheni mchukue, mgongo wake unaweza kukaa kwenye kiti dakika ishirini. Namba zikitoka usiziandike kiganjani kama tunavyofanya sisi. Msomee yeye, moja baada ya nyingine, aziingize kwenye daftari.